Baba na mkojo baada ya kiharusi: je, sindano za Kichina na moksa zitamsaidia?

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, tunaishi Kiboriloni, Moshi. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayatoki vizuri. Sasa anatembea na fimbo, tunamshukuru Mungu, ila mkojo umetushinda. Usiku anaamka mara nne au tano na mara nyingi hafiki chooni. Siku nyingine nguo ya ndani inalowa kidogo kidogo mchana kutwa na yeye hata hajui. Ana presha na sukari, anatumia dawa zake zote pamoja na aspirini ndogo. Tumeanza kumnyima maji kuanzia saa kumi jioni. Jirani ametuambia kuna mahali Arusha wanachoma sindano za Kichina na kufukiza majani karibu na tumbo na miguu, na wanataka aende mara ishirini. Kaka yangu anasema huo ni ushirikina, bora awekwe mpira. Mimi niko tayari kuuza ng'ombe kama kweli itamsaidia. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumuuguza mzee. Kutembea na fimbo ndani ya miezi minne si haba. Lakini najua mkojo unavyomvunjia mtu mzima heshima ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wengi ninaowaona wameacha kwenda kanisani na misibani, na hata sebuleni hawatokei wageni wakija, si kwa sababu ya mguu bali kwa kuogopa kulowa mbele ya watu.

Unataka kujua kama sindano zinafanya kazi, na kama ng'ombe auzwe. Nitayajibu yote mawili. Ila kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, na kwangu mimi ndilo zito kuliko sindano: nguo kulowa kidogo kidogo mchana kutwa bila mwenyewe kujua. Hilo halifanani na kuamka usiku ukakimbia na usifike. Yanaweza kuwa matatizo mawili tofauti ndani ya kibofu kimoja, na dawa ya moja inaweza kuliharibu la pili.

Nyinyi wa Kilimanjaro mnaijua mifongo, ile mifereji ya kupeleka maji mashambani, kwa hiyo nitaazima mfano huko. Kibofu ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo. Chini yake kuna lango, yaani msuli unaobana. Kuta za bwawa nazo ni misuli, na wakati wa kutoa maji ndizo zinazosukuma. Langoni yupo mlinzi, ambaye makazi yake ni kwenye shina la ubongo, na daktari Mwingereza aitwaye Barrington alieleza habari zake mwaka 1925 baada ya kuchunguza paka. Mlinzi huyu akipata habari kuwa bwawa limejaa, anataka kufungua papo hapo. Mtoto mchanga anaishi hivyo. Mtu mzima ana mzee wa zamu anayekaa sehemu ya mbele ya ubongo. Huyo humwambia mlinzi, "Subiri, sasa tuko kwenye daladala." Mlinzi hafungui mpaka mzee aseme.

Kiharusi kikiigusa njia kati ya mzee na mlinzi, amri ya "subiri" haifiki. Bwawa likifika nusu tu, mlinzi anafungua. Hapo ndipo mtu anahisi mkojo kwa ghafla na ana dakika moja tu mkononi. Si uvivu wala kurudia utoto, na kumgombeza hakusaidii kitu. Kati ya watu 100 wanaolazwa kwa kiharusi, 40 hadi 60 hupata shida ya kuzuia mkojo. Wanaporuhusiwa kutoka hospitalini hubaki kama 25 wenye shida hiyo, na baada ya mwaka kama 15. Zishike hesabu hizo, nitazirudia nikifika kwenye sindano, kwa sababu zinamaanisha wengi hupona taratibu hata wasipoguswa na mtu.

Kuna bwawa la pili, lisilotoa. Kuta zimelegea hazisukumi, au lango limebanwa na kitu. Maji yanajaa hadi pomoni, kisha yanamwagikia juu ya ukingo, tone kwa tone, mchana kutwa. Mtu wa nje anaona nguo imelowa, anasema mkojo unamtoka, kumbe ukweli ni kwamba haumtoki wote. Baba yako ana sababu mbili za kumfikisha huko hata bila kiharusi. Sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya kibofu, akawa hahisi kimejaa. Na mwanamume wa miaka 68 huwa ana tezi dume iliyokua zaidi au kidogo. Kukosa choo kikubwa kwa siku nyingi nako hubana njia, na ni kosa ninaloliona mara nyingi mno kwa wagonjwa wanaonyimwa maji.

La tatu halimo kwenye kibofu kabisa. Mzee anahisi mkojo vizuri tu, lakini mkono wa kulia haufungui mkanda, choo kiko uani, na neno "choo" halitoki mdomoni. Mpaka mmeelewa anachotaka, muda umekwisha.

Sasa utaona kwa nini sitaki uanze na Arusha. Anza na hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi, mahali penye ultrasaundi. Mwambie daktari unataka kujua mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Sema hivyo hivyo, maana mkisema tu "ultrasaundi ya tumbo" mnaweza kupewa picha ya ini na figo na swali lenu likabaki pale pale. Mzee akojoe kadiri awezavyo, halafu apimwe mara moja. Kwa umri wake, kikibaki chini ya mililita 100 sina wasiwasi. Kikipita 300, hilo ni jambo la daktari wa mfumo wa mkojo, na KCMC wapo. Siku hiyo hiyo apimwe mkojo kama una maambukizi, aangaliwe sukari, na tezi dume ichunguzwe. Sukari ikiwa juu, mwili huitoa kwa mkojo, na hakuna sindano duniani itakayomzuia mtu huyo kuamka mara tano.

Chukua na dawa zake zote, kwenye mfuko ule ule mnaouhifadhia. Kama kuna kidonge cha kukojoza anakinywa jioni, mwulize daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi. Kama kuna amlodipine, dawa ya presha, angalia miguu jioni: dawa hiyo huvimbisha vifundo kwa baadhi ya watu, na maji yaliyokaa miguuni mchana hurudi kwenye damu mtu akilala, yakatoka kama mkojo wa usiku. Saa moja ya kulala alasiri huku miguu imeinuliwa juu ya mto hupunguza safari za usiku kwa mtu wa namna hiyo. Usimwachishe dawa yoyote ya presha kwa uamuzi wako. Kiharusi cha pili hakibishi hodi.

Kuhusu maji, naomba mwache kumnyima leo. Najua mmefanya kwa nia njema, na karibu kila familia hufanya hivyo. Lakini mkojo mzito wa rangi ya chai huwasha ukuta wa kibofu na kuufanya uwe na haraka zaidi, unakaribisha maambukizi, na unafunga choo kikubwa. Kama daktari hajamwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo, na kama anameza bila kupaliwa, apate lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Sehemu kubwa aimalize kabla ya saa kumi na moja jioni, baada ya hapo aendelee kidogo kidogo. Cha kupunguza jioni ni chai, kahawa na mbege. Najua kumwambia mzee wa Kichaga aache kahawa ya jioni ni kesi nyingine. Basi aipate asubuhi.

Haya, sindano. Mwambie kaka yako kwamba si ushirikina. Ni tiba ya zamani ya Wachina, akupancha, na mwaka 2010 UNESCO iliiweka pamoja na moksa, yaani ule ufukizaji wa majani, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kuwa urithi si ushahidi kwamba inaponya, lakini si uchawi. Kwa mkojo, wataalamu wake huchoma sehemu chache zinazojulikana: chini ya kitovu, pointi za Guanyuan na Zhongji, upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo, Sanyinjiao, na juu ya matundu manane ya ule mfupa bapa wa chini ya kiuno. Wao huzungumzia mkondo wa nguvu unaoitwa qi. Mimi nikiangalia ramani ya mishipa ya fahamu naona jambo la kuvutia: matundu yale ndiyo milango ya mishipa inayokwenda kibofuni, na pointi ya kifundoni iko jirani na mshipa wa fahamu wa mguu ambao asili yake ni sehemu ile ile ya uti wa mgongo. Hospitali za Ulaya na Marekani zina tiba inayotumia mlango huo huo. Sindano nyembamba huwekwa juu ya kifundo, ikapitishiwa umeme mdogo kwa dakika 30, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Marekani iliiruhusu mwaka 2000 kwa watu wenye kibofu chenye haraka. Kwa hiyo wazo lenyewe lina mguu wa kusimamia.

Ushahidi kwa wagonjwa wa kiharusi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2019 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 20 ya tiba za mkojo baada ya kiharusi, yenye washiriki 1,338. Matano kati yake, yenye watu 524, yalihusu akupancha ya kawaida, akupancha ya umeme, na moksa inayochomwa juu ya tangawizi na chumvi pamoja na sindano. Waliopata tiba hizo walikuwa na uwezekano wa kukauka karibu mara tatu ya wenzao. Ukiishia hapo utauza ng'ombe. Lakini waandishi wenyewe waliupa ushahidi huo daraja la chini. Katika majaribio ya namna hii mgonjwa anajua kama amechomwa au hajachomwa, na anayemwuliza kama amepona naye huenda anajua. Halafu kumbuka zile hesabu zangu: watu wa kiharusi hupona mkojo wenyewe katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo anayeanza sindano mwezi wa pili na kukauka mwezi wa nne atazishukuru sindano, na pengine hazikufanya lolote. Jibu langu basi ni kwamba huenda zikasaidia kibofu chenye haraka. Sioni sababu ya kuzitarajia zitoe tezi dume njiani.

Jambo la pembeni: mkifika kwenye kliniki mkaonyeshwa utafiti mkubwa wa China wa mwaka 2017 wenye wanawake 504, utafiti huo upo na ni mzuri. Ila ulihusu wanawake wanaovuja wakikohoa au kunyanyua vitu. Baba yako haumwi ugonjwa huo.

Na moksa? Hayo majani ni ya jamii ya Artemisia, ndugu wa pakanga ile ambayo wakulima wa Arusha wamekuwa wakiilima kwa ajili ya dawa ya malaria. Hukaushwa, yakatwangwa hadi yakawa kama pamba, yakasokotwa kama sigara nene. Kijiti kikiwashwa hushikwa sentimita chache kutoka kwenye ngozi, au donge lake huchomwa juu ya kipande cha tangawizi kilichowekwa tumboni. Hakuna dawa inayomezwa hapo. Kwa sehemu kubwa kinachofika mwilini ni joto.

Na joto ndilo linalonifanya nimkatalie baba yako. Upande wake wa kulia umepigwa, na huenda hauhisi vizuri. Ana sukari, kwa hiyo hata mguu wa kushoto siuamini. Na maneno hayatoki, kwa hiyo hata akihisi anaungua hataweza kusema "toa" kwa wakati. Niliwahi kumpokea mzee mmoja mwenye sukari, aliyefukizwa hivyo mahali fulani, akiwa na lengelenge kubwa kama shilingi juu ya kifundo cha mguu uliolegea. Mwenyewe hakuwa amesikia kitu. Kidonda kilichukua karibu miezi mitatu kufunga, na miezi hiyo yote hakufanya mazoezi ya kutembea. Mkojo ulikuwa vile vile. Tangu hapo, mgonjwa akiwa na sukari na ganzi, moksa simruhusu, iwe ya mguu au ya tumbo.

Sindano zenyewe, kwa aspirini ndogo anayotumia, si mwiko. Atapata michubuko midogo tu. Angekuwa anatumia warfarini, dawa kali zaidi ya kuzuia damu kuganda, ningetaka daktari wake aulizwe kwanza. Akiwa na mashine ya moyo kifuani, asipitishiwe umeme. Kila sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mkiona, na itupwe baada ya kutumika mara moja. HIV na homa ya ini B hazichagui tiba. Mwombe mtoa huduma akuonyeshe usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002 na liko chini ya Wizara ya Afya. Aliyesajiliwa hatakasirika kuulizwa. Na hapa ultrasaundi inarudi tena: kibofu kilichojaa hupanda juu ya mfupa wa kinena, pale pale zinapochomwa zile sindano za chini ya kitovu. Sitaki sindano ndefu ishuke kwenye kibofu kilichovimba ambacho hakuna aliyekipima.

Wakati mnasubiri kipimo, anzeni kazi ambayo haina bili. Kwa siku tatu mwandike kila anapokojoa: saa ngapi, kiasi gani kwa kopo lenye alama za mililita, na kama alilowa kabla. Baada ya hapo mpeni zamu. Asisubiri kuhisi, kila saa mbili mchana mmwongoze chooni, akae, hata kama ni mwanamume, maana akiwa amekaa haanguki na misuli hulegea vizuri. Akimaliza, apumzike dakika moja, ajaribu tena. Ikiwa siku kadhaa amebaki mkavu, ongezeni dakika kumi na tano. Ndivyo mzee wa zamu ubongoni anavyofundishwa upya kusema "subiri". Ni kazi ya wiki nyingi, na inachosha kuliko kulipia sindano, ndiyo maana wachache huimaliza.

Suruali ziwe za mpira kiunoni, mkanda ukae kabatini. Chora picha ya choo kwenye kipande cha boksi, ikae mkono wake wa kushoto, aiguse akitaka kwenda. Usiku mwekeeni chupa ya kukojolea kitandani, upande wa mkono mzima. Mzee anayekimbia chooni gizani na mguu mmoja uliolegea anaweza kuvunja nyonga, na hilo litawagharimu kuliko mashuka yote mtakayofua.

Kaka yako naye anataka mpira. Mpira unaokaa ndani ni wa mtu ambaye mkojo hautoki kabisa, au mwenye vidonda vya mgongo vinavyoloweshwa. Ukikaa muda mrefu, bakteria huingia, ni suala la siku tu. Ikionekana kibofu cha mzee hakitoi, kuna njia ya kuingiza mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku na kuutoa, ambayo mwanafamilia anaweza kufundishwa. Kwa usiku tu, wanaume wana mpira wa nje unaovalishwa kama kondomu, ukaunganishwa na mfuko. Vidonge vya kutuliza kibofu, kama oksibutinini, navyo vipo, ila vinaweza kumchanganya mzee akili na kumfunga mkojo kabisa kama tayari haumtoki wote. Asipewe kabla ya kipimo, hata na mfamasia mnayemjua.

Msisubiri miadi kama anakaa saa sita au zaidi bila mkojo na tumbo la chini limekuwa gumu na linauma, akipata homa na kutetemeka, mkojo ukiwa na damu, au akichanganyikiwa ghafla. Akilegea upya, mdomo ukipinda au maneno yakizidi kupotea, hapo ni hospitali dakika hiyo hiyo.

Kisha tuseme ultrasaundi imeonyesha kibofu kinatoa vizuri, mkojo hauna maambukizi, mmeshika zamu za saa mbili kwa wiki sita na bado ana haraka. Hapo mkitaka kujaribu sindano, bila moksa, sitawazuia. Lakini si mara ishirini za kulipia mwanzoni. Lipieni sita au nane, mkiendelea kuandika kwenye daftari lile lile, na kama hesabu za kulowa hazijashuka, acheni. Muulizeni pia mtaalamu wa fiziotherapia wa karibu kama ana kifaa cha umeme cha kubandika juu ya ngozi, ambacho nacho kimejaribiwa kwa shida hii. Kwa ngozi yenye ganzi akitumie kwa nguvu ndogo na akiwa anaiangalia. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na mgonjwa wako anahitaji choo kila baada ya saa mbili. Hesabu hiyo jirani hakuifanya.

Ng'ombe mwache zizini kwanza. Niandikie ukishapata namba mbili: mililita zilizobaki kwenye ultrasaundi, na mara ngapi alilowa katika zile siku tatu. Niambie na majina ya dawa, kama yalivyoandikwa kwenye boksi.